Moto Usiohesabiwa: Historia ya Tofali la Kuchoma katika Nyanda za Juu Kusini

Pale Igawa, barabara kuu ya kutoka Makambako kwenda Mbeya inapouvuka mto Mbarali, kuna kituo cha kupima maji. Kwa miongo mingi wataalamu wamekuwa wakisoma kina cha mto huo na kukiandika, kwa kuwa maji yale yana wenyewe wengi. Yanamwagilia mpunga wa Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita hifadhini, na hatimaye yanafika Mtera na Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Kila mwenye fungu lake anataka kujua limebaki kiasi gani, ndiyo maana yanapimwa.

Katika ukanda huohuo, kila kiangazi kinapokaza, yanawashwa matanuri ya matofali. Moshi wake huonekana kutoka barabarani, kuanzia Rujewa hadi Igurusi, na upande wa pili kuanzia Makambako hadi Mafinga na Iringa. Hapo hakuna daftari. Sijaona halmashauri inayoandika ni tani ngapi za kuni zimeingia katika kuta za madarasa yake, wala mkataba wa ujenzi wa umma unaouliza tofali limechomwa kwa moto gani. Tunahesabu tofali, tunahesabu mifuko ya saruji, tunahesabu bati na misumari; moto hatuuhesabu.

Makala hii inauliza ni kwa nini. Jibu ninalolitetea ni la kihistoria. Tangu tofali la kuchoma lilipofika katika nyanda hizi, karne moja na zaidi iliyopita, aliyeliagiza hakuwa yeye aliyeulipia moto wake. Moto ulilipwa na msitu, na mgongo wa aliyebeba kuni, na siku za kazi ambazo hazikuandikwa popote. Moto usiolipiwa hauhesabiwi, na usiohesabiwa hakuna anayeona haja ya kuuboresha. Kabla ya kufika katika historia hiyo, hata hivyo, yatupasa kwanza kuelewa moto wenyewe unafanya nini.

Ndani ya tanuri

Tanuri la kijijini ni lundo la matofali mabichi yaliyopangwa kwa ustadi. Chini huachwa mahandaki ya kutilia kuni, juu tofali hupangwa kwa nafasi ndogo ndogo ili moto upande, na nje lundo lote hukandikwa tope. Halina bomba la moshi wala kuta za kudumu. Likishaiva na kupoa, hubomolewa, na kesho hujengwa jingine pengine.

Moto unapowashwa, kazi yake ya kwanza ni kufukuza maji. Wazee wa kazi hii huutazama moshi: ukiwa mweupe na mzito, ni mvuke, na fundi mwenye busara hauchochei moto kwa pupa, maana mvuke uliokosa njia hupasua tofali. Maji yale yakiisha, joto huendelea kupanda. Kati ya nyuzijoto 450 na 600 udongo hupoteza maji mengine, yale yaliyofungwa ndani ya maumbile yake, na kuanzia hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope. Kwenye nyuzijoto 573 chembe za mchanga hutanuka ghafla, na huo ni wakati mwingine wa nyufa. Kuanzia nyuzijoto 800 au 900 chembe za udongo huanza kuyeyuka kidogo kingoni na kushikamana. Hapo ndipo tofali linapoiva na kuanza kulia kama chuma likigongwa.

Sasa tufanye hesabu. Kuupasha udongo mkavu mpaka nyuzijoto 900 kunahitaji joto la kiasi cha megajuli moja kwa kila kilo. Matanuri ya lundo kama haya yetu kwa kawaida hutumia kati ya megajuli 2 na 4 kwa kilo. Tuchukue 3. Tuchukue pia tanuri la matofali 10,000, kila moja kilo 3: huo ni udongo tani 30. Joto linalohitajika ni megajuli 90,000. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa megajuli 15 hivi. Kwa hiyo tanuri moja la nyumba ya wastani linakula tani 6 za kuni kavu, na kuni mbichi zitahitajika nyingi zaidi, kwa sababu sehemu ya moto wake huishia kuzikausha zenyewe.

Kati ya joto hilo lote, lililokuwa la lazima ni theluthi. Zaidi linapotea na moshi, linapenya kuta za tope, linapeperushwa na upepo wa kiangazi. Na ile theluthi yenyewe, baada ya kuivisha tofali, inaachwa ipoe angani kwa siku kadhaa bila kufanya kazi nyingine.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia mahali ambapo hasara inaweza kuzuiwa bila mtambo wowote. Matofali yakiingia tanurini yakiwa na asilimia 10 ya maji, ndani ya lundo kuna tani 3 za maji. Kuyachemsha na kuyafukuza kunahitaji zaidi ya nusu tani ya kuni, hata kama hakuna cheche itakayopotea. Wiki mbili za ziada kivulini, upepo ukifanya kazi hiyo bure, zingeziokoa kuni hizo. Vilevile tanuri dogo hupoteza kuliko kubwa. Ukiongeza urefu, upana na kimo mara mbili, ndani utaingiza tofali mara nane, lakini ngozi ya nje inayopoteza joto itaongezeka mara nne tu. Majirani wanne wanaochoma kila mmoja tanuri lake wanalipa kodi kwa upepo mara nne.

Waliojua moto kabla ya tofali

Isidhaniwe kwamba tofali liliwakuta watu wasiojua joto. Upande wa magharibi, Wafipa walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma yaliyovuta hewa yenyewe bila mivuo, na joto lake lilizidi sana lile la tofali. Wakinga wa milima ya Livingstone walikuwa wahunzi mashuhuri. Ufuoni mwa Ziwa Nyasa wanawake wa Kikisi walifinyanga na kuchoma vyungu vilivyouzwa mbali na kwao, na bado wanafanya hivyo.

Kuhusu nyumba, mambo yalikuwa tofauti. Wahehe na Wasangu walijenga tembe za miti na udongo zenye paa bapa. Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na udongo uliofinyangwa, na wasafiri wa Kizungu waliofika huko katika miaka ya 1870 walizisifu nyumba zao kwa unadhifu. Nyumba hizo hazikuhitaji moto hata kidogo. Udongo ulikaushwa na jua, na nyumba ilipochakaa ilirudi ardhini, mwenyewe akajenga nyingine.

Tofauti hii ina maana. Moto mkubwa ulitengwa kwa ajili ya vitu vidogo na vya thamani: jembe, mkuki, chungu. Mhunzi aliuchoma mkaa mwenyewe au aliununua kwa jembe, na kwa hiyo aliijua bei yake. Ukuta wa nyumba ukaachiwa jua.

Misheni, boma na kodi

Mwaka 1891 wamishenari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na wenzao Wamoravian walifika Unyakyusa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Wamoravian wakaweka makao Rungwe. Miaka michache baadaye Wabenediktini wakafungua misheni ya Tosamaganga karibu na Iringa, ambayo baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliingia mikononi mwa Wakonsolata wa Italia. Makanisa, shule na nyumba za mapadre zikahitaji kuta za kudumu na paa zisizoshika moto. Jiwe la kuchonga lilikuwa adimu na saruji ilitoka ng'ambo. Udongo mwekundu ulikuwapo, misitu ilikuwapo, na watu walikuwapo.

Jambo moja katika historia hii halijasemwa vya kutosha. Mwaka 1858, zaidi ya miaka thelathini kabla ya Merensky kufika, Friedrich Hoffmann alikuwa amepata huko Prussia hataza ya tanuri la duara. Ndani yake moto huzunguka kutoka chumba hadi chumba bila kuzimwa. Hewa inayokwenda kwenye moto hupitishwa kwanza katikati ya matofali yaliyoiva, ikayapoza na yenyewe ikapata joto. Moshi unaotoka hupitishwa katikati ya matofali mabichi na kuyapasha kabla zamu yao haijafika. Joto lilelile hufanya kazi mara tatu. Tanuri hilo lilipunguza matumizi ya nishati kwa zaidi ya nusu, nalo likaenea Ulaya nzima.

Ujuzi huo ulikuwapo basi, tena katika nchi ileile waliyotoka wamishenari na maofisa. Kilichoota mizizi katika nyanda zetu ni tanuri la lundo, lile ambalo Hoffmann alikuwa amelipita. Sababu yake tusiitafute katika uvivu wala ujinga. Tanuri la duara ni ghali kulijenga, linataka kuchoma mfululizo mwaka mzima, na linataka soko la mamilioni ya matofali. Ulaya ilikubali gharama hiyo kwa sababu makaa ya mawe yalinunuliwa na kila tani iliyookolewa ilikuwa faida. Huku kwetu kuni zilikatwa bila bei. Aliyezikata mara nyingi alikuwa mwanafunzi wa misheni ambaye kazi ya mikono ilikuwa sehemu ya masomo yake, au mtu aliyedaiwa kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898 na ambayo asiyekuwa na rupia aliilipa kwa jasho. Mbele ya kuni za bure na kazi ya bure, nani angenunua tanuri la kuokoa kuni?

Waingereza walipochukua nchi, hali haikubadilika. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa msukumo wa dhahabu ya Lupa, na Iringa ilipanuka kwa mashamba ya walowezi. Tofali la kuchoma likawa alama ya kanisa, mahakama, shule na nyumba ya bwana. Mwananchi alilifyatua, akalibeba, akalichoma, kisha akarudi kulala katika nyumba ya udongo. Hapo ndipo tofali lilipopata heshima yake, na heshima hiyo ilizaliwa bila bei ya moto.

Kuna mfano mmoja wa kinyume ambao unathibitisha hoja. Kiwanda cha chai hakiwezi kukausha majani bila joto, na joto hilo linahitajika kila siku ya msimu. Makampuni ya chai ya Mufindi yalipanda mashamba yao ya milingoti kwa ajili ya kuni. Yalifanya hivyo kwa kuwa kuni ziliingia katika vitabu vya hesabu vya kampuni. Wilaya ni ileile, hali ya hewa ni ileile, miti ni ileile. Tofauti ni kwamba upande mmoja moto uliandikwa na upande wa pili haukuandikwa.

Mwalimu, vijiji na nyumba bora

Uhuru ulibadili swali la nani anastahili nyumba ya tofali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1973 hadi 1976, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa katika vijiji vya kudumu. Iringa na Mbeya hazikubaki nyuma. Kijiji cha kudumu kilidai nyumba ya kudumu. Familia ambayo zamani ingehama ardhi na miti vikichoka, sasa ilikaa pamoja na familia nyingine mia kadhaa zikiuzunguka msitu uleule, na umbali wa kufuata kuni ukaanza kurefuka mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio, Mwalimu Nyerere aliwakemea waziwazi viongozi na wananchi waliolewa saruji na bati. Alishangaa kwamba watu walikuwa radhi kukaa wakisubiri vifaa vya kununua, ilhali udongo wa tofali na wa vigae ulikuwa chini ya miguu yao. Aliona katika tabia hiyo maradhi ya fikra. Kisiasa alikuwa sahihi. Kiwanda cha Wazo Hill kilikuwa kimeanza uzalishaji mwaka 1966, lakini saruji yake haikutosheleza nchi. Vita vya Kagera vilipofuata na fedha za kigeni kukauka, mfuko wa saruji ukawa kitu cha kuombewa kibali. Tofali la kuchoma lilikuwa tangazo la kujitegemea.

Hata hivyo, tukilisoma wazo hilo leo kwa jicho la nishati, tunaona pengo. Udongo kweli ulikuwa chini ya miguu, lakini udongo ni nusu tu ya tofali. Nusu nyingine ni moto, na moto haukuwa chini ya miguu ya mtu. Ulikuwa msituni, na kila mwaka ulisogea mbali. Siasa ya kujitegemea iliutambua udongo kama mali ya taifa, ikausahau moto. Serikali ilipanda misitu mikubwa, na Sao Hill pale Mufindi likawa shamba la miti kubwa kuliko yote nchini. Lakini misindano yake ilielekezwa kwenye mbao na karatasi za kiwanda cha Mgololo. Mfyatua tofali wa kijijini hakuwamo katika mpango huo. Miradi iliyofuata, kama HIMA ya Iringa iliyofadhiliwa na Denmark katika miaka ya 1990, iliwahimiza wananchi kupanda miti, na watu wengi walipanda. Leo milingoti ya watu binafsi ndiyo inayookoa jahazi katika sehemu nyingi za Njombe na Mufindi. Huko uwanda wa Usangu, ambako ni pakame zaidi, miombo ya asili iliendelea kubeba mzigo.

Madarasa yaliyochomwa kwa jasho la kijiji

Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoendeshwa kuanzia 2002 hadi 2006, na baadaye shule za sekondari za kata zilipoenezwa chini ya mpango wa sekondari ulioanza 2004, taifa lilijenga madarasa kwa kasi ambayo halikuwahi kuifikia. Serikali ilileta bati, saruji na fedha za mafundi. Wananchi walitakiwa kuleta nguvu zao, na katika Nyanda za Juu Kusini nguvu hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa matofali. Kaya ilipangiwa idadi yake. Asiyeleta tofali alileta maji, au mchanga, au kuni.

Nani alileta maji na kuni? Kila aliyeishi kijijini anajua jibu. Ndoo zilibebwa kichwani na wanawake na watoto, na mizigo ya kuni vivyo hivyo. Katika taarifa za miradi kazi hiyo iliandikwa kwa jina moja zuri, "mchango wa jamii", ikakadiriwa thamani kwa idadi ya matofali yaliyofika kwenye eneo la ujenzi. Tofali lililopasuka tanurini kwa sababu lilikuwa bichi halikuhesabiwa. Tanuri lililozimika kwa mvua ya mapema halikuhesabiwa. Tani za kuni hazikuhesabiwa. Mhandisi wa wilaya alipokea ukuta, akaukagua unyoofu wake, akasaini.

Silaumu mpango huo. Shule hizo zimesomesha kizazi kizima, na miongoni mwa wanafunzi wangu wapo waliosoma humo. Ninachosema ni kwamba taifa lilirudia, kwa nia njema, mfumo uleule wa mwaka 1898: anayeagiza tofali si yeye anayelipa moto. Na mfumo ukirudiwa, matokeo yake hurudiwa pia. Tanuri lililojenga shule ya kata halikuwa limebadilika kwa lolote la msingi kutoka lile la misheni ya kwanza.

Pumba za Usangu

Mabadiliko pekee ya kweli ninayoyaona katika historia hii yametokea uwandani, na hayakuletwa na mradi. Usangu ni nchi ya mpunga. Kuanzia shamba la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, kisha Kapunga na Madibira, pamoja na maelfu ya wakulima wadogo, mashine za kukoboa zimejaa Igawa, Rujewa, Ubaruku, Chimala na Igurusi. Kila tani ya mpunga huacha kilo 200 hivi za maganda, ambayo watu wengi huyaita pumba. Zamani yalikuwa kero: milima ya pumba nyuma ya mashine, ikichomwa usiku ili nafasi ipatikane.

Wafyatua tofali waligundua kwamba kero hiyo ni moto. Kilo moja ya pumba hutoa megajuli 13 hivi, si mbali sana na kuni. Pumba huungua polepole na kwa muda mrefu. Zikimwagwa kati ya tabaka za matofali, joto halitoki chini peke yake. Linazaliwa katikati ya lundo, karibu na tofali linalolihitaji. Zikichanganywa kidogo katika udongo wenyewe, kila tofali hubeba sehemu ya kuni zake tumboni. Kwa hesabu yetu ya awali, tani moja ya mpunga inaacha pumba za kuivisha matofali yapatayo 300 bila gogo moja kukatwa. Hata majivu yake, yaliyojaa silika, yana kazi yake: yakichomwa kwa uangalifu na kusagwa, yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji.

Ufumbuzi huu una mipaka yake. Pumba ni nyepesi na zinajaza gari kabla hazijafikisha uzito wa maana, kwa hiyo zinafaa pale mashine ilipo, wala hazitapanda mlima kwenda Makambako kwa bei nafuu. Zina wateja wengine, wakiwemo wafugaji wa kuku na watengeneza mkaa mbadala, na bei yake itapanda. Mimi naona kupanda kwa bei hiyo kuwa habari njema kwa maana moja: siku mfyatua tofali atakaponunua moto, ndipo atakapoanza kuuhifadhi. Atakausha tofali lake vizuri zaidi, atakandika tanuri lake kwa unene zaidi, ataungana na jirani.

Katazo au hesabu

Nawaandikia hasa watumishi wa umma, kwa sababu naona upepo unakovuma. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipigwa marufuku kutumia kuni na mkaa kuanzia Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huohuo ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema, na limechelewa. Lakini mkakati huo unahusu chungu, tanuri halimo. Shule inaweza kuzuiwa kupika uji kwa kuni, na mwezi huohuo ikaagizwa kujenga bweni kwa matofali yaliyochomwa kwa magogo ya msitu wa jirani.

Hofu yangu ni kwamba siku serikali itakapolikumbuka tanuri, italikumbuka kwa katazo. Usangu inajua katazo lina sura gani. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa pamoja na mifugo yao kwa jina la kuokoa Ruaha Mkuu, na majeraha ya kazi ile hayajapona. Kumtwika mfyatua tofali lawama za mito na misitu yote itakuwa dhuluma nyingine. Misitu yetu inamalizwa zaidi na upanuzi wa mashamba na mkaa wa mijini. Kijana anayefyatua tofali kando ya barabara ya Igawa anajipatia riziki katika kazi chache zinazomtaka awe na jembe, kibao na mgongo wake tu. Kumnyima tanuri bila kumpa njia nyingine ni kumfukuza kwenye riziki hiyo.

Kuna njia ya hesabu, na haihitaji sheria mpya.

Kwanza, kila mchanganuo wa gharama za ujenzi wa umma unaotumia tofali la kuchoma uwe na mstari wa nishati: tofali limechomwa kwa nini, kimetoka wapi, nani amelipwa. Mstari mmoja tu katika karatasi ya halmashauri utafanya kazi ambayo hotuba mia za upandaji miti hazijafanya. Kuni zikitoka katika milingoti ya mwanakijiji, alipwe. Zikibebwa na wanawake, walipwe.

Pili, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu inaweza kuelekezwa kwa vikundi vya matofali kwa masharti ya kiufundi yanayoeleweka: banda la kukaushia, tanuri kubwa la pamoja, pumba badala ya magogo pale penye mashine. Vyuo vya VETA vinaweza kufundisha tanuri la shimo wima, lile lililobuniwa China na kuenea Nepal, India na Vietnam, ambalo tofali hushuka ndani yake likipita kwenye moto uliosimama, na ambalo hutumia megajuli 1 hivi kwa kilo au hata pungufu. Kwa tanuri letu la mfano, tani 6 za kuni zingekuwa 2.

Tatu, tuwe wakweli kuhusu tofali lisilochomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelihimiza kwa muda mrefu tofali la kufungamana, la udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo. Saruji nayo imepitia moto, tena wa nyuzijoto 1,450. Lakini ikiwa ni asilimia 6 tu ya tofali, moto unaoangukia kila kilo ni kama robo ya megajuli. Kwa nishati, tofali hilo linashinda kwa mbali. Kwa mfuko wa mwanakijiji halishindi daima, kwa kuwa saruji inataka fedha taslimu na mashine inataka kukodiwa. Ndiyo maana ni serikali, yenye fedha taslimu, inayopaswa kutangulia katika majengo yake, badala ya kumtaka maskini atangulie.

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara kwa nini teknolojia duni hudumu Afrika, na wengi huja na jibu tayari: elimu ndogo, mila, uvivu. Tanuri la lundo linafundisha jibu jingine. Lilidumu kwa sababu mamlaka tatu zilizofuatana, misheni, koloni na dola huru, zilipata ukuta bila kuulizwa bei ya moto. Fundi wa tanuri alijua daima kwamba kuni zinapotea. Hakuna aliyekuwa tayari kumlipa kwa kuziokoa. Anayetaka kuliondoa lundo lile Igawa, Makambako au Iringa na aanze hapo: amlipe fundi moto wake, kisha amwombe auhifadhi.